Wino Mwekundu wa Magister

Rosebellah alikuwa amenyamaza siku nne, na Elkanah, badala ya kuingiwa na hofu, aliingiwa na hasira.

Haya, tumwelewe kidogo kabla hatujamlaumu, maana lawama zitakuja na zitatosha. Ilikuwa Jumatano, jua ndiyo kwanza linachomoza juu ya Riyadh. Alikuwa kwenye maegesho akipangusa vioo vya gari la bosi wake, tambara mkono mmoja, simu mkono wa pili, na kila akipangusa mara mbili anaitazama simu. Hakuna kitu. Mbele yake kulikuwa na safari ya Jeddah, karibu kilomita elfu moja, na keshokutwa, Ijumaa, ndiyo siku yenyewe ya mchezo. Watu thelathini na ushee, Wakenya watupu, wangejibana katika fleti ya rafiki yake Jackton kule Shumaisi kuja kuona tamthilia aliyoiandika Elkanah kwa mkono wake, ya kwanza tangu aache ualimu. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa barua moja ya Ursula, yule mke katika mchezo. Moja tu! Na sauti ya Ursula ilikuwa Jeddah, kinywani mwa Rosebellah, mwanamke ambaye Elkanah hakuwahi kumtia machoni.

"Huyu dada ananichezea," aliliambia gari.

Hakuwa mtu mbaya, Elkanah. Alikuwa mtu asiyetulia, basi. Kwao Vihiga alifundisha shule tatu kwa miaka sita, mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule, si na serikali, na kila shule aliiacha baada ya kugombana na mwalimu mkuu kwa sababu ya drama. Wanafunzi wake walifika mashindano ya taifa mara mbili. Mara ya pili walinyimwa kombe, naye akamfuata jaji mbele ya halaiki akamuuliza kama masikio yake yanafanya kazi. Baada ya hapo hakuna shule iliyomtaka, ndipo akapanda ndege kuja Saudia kuwa dereva. Miaka minne sasa, na miguu ilikuwa imeshaanza kumwasha tena. Alikuwa anaulizia kazi Doha.

Bosi wake alikuwa mzee mjane, profesa mstaafu aliyesoma Ujerumani enzi za ujana wake. Elkanah alimwita baba. Baba hakuwa na matata ila moja: hakuweza kuliacha kosa lipite. Ukitamka Kiarabu vibaya, hata kama unamwambia nyumba inaungua, atakurekebisha kwanza ndipo atafute viatu. Mwaka uliopita alihama nyumba kubwa akaingia fleti ya Olaya, na maboksi kumi na mawili ya vitabu yakaamriwa yatupwe. Elkanah ndiye aliyeyabeba. Boksi moja lilipasuka ngazini, kikaanguka kitabu cha Kiingereza chenye jalada la kijani: maisha ya Magister Tobias Hennlein, msomi na mwandishi wa tamthilia, Mjerumani wa karibu miaka mia tano iliyopita.

"Baba, hiki nichukue?"

"Chukua. Alikuwa mpumbavu aliyejua lugha nyingi."

Elkanah alikisoma garini, nje ya hospitali, nje ya maduka, popote alipoambiwa asubiri. Akajiona humo ndani! Magister alikuwa mtoto wa mwoka mikate aliyejifunza Kilatini na Kiyunani, akawa mwalimu, akawaandikia wanafunzi wake tamthilia kumi na moja, na akahama miji saba kwa sababu kila mji alimkera mkubwa fulani. Alipofika pale Magister anapomwambia meya kwamba ng'ombe wake ana sikio zuri la ushairi kuliko yeye, Elkanah alicheka peke yake mpaka mlinzi wa maduka akaja kugonga kioo.

Halafu akafika kwa Ursula. Huyu alikuwa mke wa Magister. Mwaka wa tauni, Magister alimwacha mji mmoja akaenda mji mwingine kuigiza tamthilia yake mpya mbele ya mtawala. Ursula akamwandikia: tauni imefika mtaa wetu, njoo. Magister akachovya kalamu katika wino mwekundu, akaisahihisha ile barua, hapa neno limerukwa, hapa sentensi imepinda, akairudisha iandikwe upya. Barua ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu Ursula aliiandika safi, haina kosa hata moja, na Magister akafurahi akamwandikia majibu ya kumsifu. Majibu yalifika Ursula akiwa na wiki nzima kaburini.

"Shetani mkubwa!" Elkanah alisema siku ile, akakifunga kitabu kwa kishindo. Na papo hapo akajua ameipata tamthilia yake. Yeye angeongeza barua ya nne, ile ambayo Ursula hakuwahi kuipeleka, amwambie mumewe ukweli wote usoni.

Lakini tamthilia inataka waigizaji, na waigizaji wa Kikenya huku kila mmoja yuko ndani ya geti la mtu. Jackton, askari wa mlangoni katika jengo la ofisi pale Olaya, mwenye sauti nzito na maneno mengi, akawa Magister. Ursula alipatikana kwa simu. Rosebellah alikuwa mtu wa Webuye, aliimba kwaya tangu utotoni, na sasa alifanya kazi za nyumbani Jeddah, mtaa wa Safa. Hakuhitajika kuja Riyadh, kwa kuwa Ursula haonekani jukwaani. Zinasikika barua zake tu. Kwa hiyo walifanya mazoezi kwa voisi, yaani jumbe za sauti, kwenye grupu la WhatsApp. Rosebellah alirekodi jikoni akiosha vyombo, Elkanah akasikiliza kwenye taa za barabarani, akajibu neno lile lile: "Rudia."

Tena kulikuwa na sheria, na sheria aliiweka Elkanah mwenyewe. Katika nyumba ile Rosebellah alifanya kazi na Mkenya mwingine, Priscah, aliyemtangulia miaka mitano na aliyekijua Kiarabu. Kazi ya ziada ya Priscah ilikuwa kumfasiria madam kila kitu kilichosemwa kwa Kiswahili kwenye simu ya mwenzake. Mchezo madam aliuruhusu. Aliona ni kichekesho cha mafukara, akauacha. Malalamiko, hapana. Rosebellah aliwahi kumlalamikia dada yake wa Webuye habari za chakula, na simu ikakaa kabatini kwa madam mwezi mzima. Basi iliporudi, Elkanah akatangaza kwenye grupu: "Hapa hakuna habari za kwa bosi. Hakuna salamu, hakuna maombi. Ni maneno ya mchezo pekee. Sitaki kumpoteza Ursula wangu."

Ursula wangu! Msikie.

Sasa, siku kumi na moja kabla ya Jumatano ile, Rosebellah alituma barua ya tatu, ile safi, ambayo ndiyo roho ya mchezo. Karatasi ya Elkanah ilisema: Mume wangu, tauni imefika mtaa wetu. Jirani wa kulia amekufa, jirani wa kushoto amekufa. Njoo. Rosebellah akasema: "Mume wangu, tauni imefika mtaa wetu. Mafuta ya moto yamenimwagikia mguuni, na hawataki kunipeleka kwa tabibu. Njoo."

Wewe umeshaelewa. Hata mtoto ameelewa. Lakini Elkanah alikuwa amekaa miaka minne bila mtu wa kusoma maandishi yake, na alichosikia ni kwamba karatasi yake imechezewa.

Baba alishuka na kofia yake na chupa ya maji, akaingia kiti cha nyuma. Kila mwezi alikwenda Jeddah kwa daktari wa macho, na hakupenda ndege. "Yalla, Elkanah," akasema, na kabla hawajautoka mji alikuwa amelala.

Barabara ya Jeddah haina la kukuambia. Ni lami, waya, ngamia wachache, na lori linalokataa kukupisha. Elkanah aliendesha saa nne akimjibu Rosebellah kichwani mwake, na kila jibu lilikuwa kali kuliko lililotangulia. Atampa mwingine nafasi. Atamtafuta Mourine, yule wa Dammam, ingawa Mourine husoma kama anaita namba za hospitali. Kwenye kituo cha mafuta cha Zalim aliwaza afadhali asikilize voisi zote za zamani, pengine atapata kipande cha kuziba pengo la barua ya nne. Akapandisha grupu juu mpaka siku kumi na moja nyuma, akabonyeza voisi ya Jackton, akatia spika ya sikio moja, akarudi barabarani.

Ukibonyeza voisi moja, simu yenyewe inaendelea na inayofuata, na inayofuata, mpaka zikwishe. Elkanah alilijua hilo. Ila hakuwa amewahi kuziacha ziende.

Alianza Jackton kwa sauti ya Magister, akikwaruza kalamu mezani: "Ursula, Ursula! Hapa umeruka neno. Na hapa umeniletea jambo ambalo sikukuuliza. Andika upya, mke wangu, ndipo nitajua unataka nini." Nyuma yake wenzake wa fletini wakaangua kicheko, na Elkanah naye akatabasamu, maana mstari ule aliupenda.

Ikaingia ya Rosebellah. Mafuta ya moto. Tabibu. Njoo.

Ikaingia sauti nyingine, ya mwanamume, kavu, yenye haraka. "Rose, hayo mafuta yametoka wapi? Huyu mama ana tauni. Tauni haishiki mguu. Rudia."

Alichelewa kidogo kujitambua. Kumbe ndivyo anavyosikika?

Rosebellah tena, siku mbili baadaye, maji ya bomba yakimwagika nyuma yake. "Mume wangu, mguu umevimba, unatoa usaha. Mwenye nyumba amenipaka dawa ya meno, amesema nifanye kazi. Kibali changu cha kukaa katika mji huu kimekwisha, hawakunikatia kingine, kwa hiyo wanaogopa kunitoa nje. Njoo."

"Kibali gani sasa? Ursula ni mwenyeji wa pale pale! Unaniharibia historia, dada. Soma kilichoandikwa. Rudia."

Kibali. Ikama, kile cha kukaa Saudia! Elkanah alitaka kuizima simu na hakuthubutu.

Rosebellah, siku tatu baadaye. Safari hii hakukuwa na maji wala vyombo, alikuwa amelala mahali. "Mume wangu, nina joto, nina baridi. Mguu unanuka. Siwezi kupanda ngazi. Nakuomba wewe, na kama si wewe, namwomba yeyote atakayeisikia barua hii."

"Hapo hisia zimeanza kuja," ilisema ile sauti kavu, imefurahi kidogo. "Hiyo homa nimeipenda. Lakini maneno, Rose! Heshimu karatasi. Rudia."

Na ya mwisho. Rosebellah aliisema polepole, neno kwa neno, anapumua katikati. "Mume wangu, tauni imefika mtaa wetu. Jirani wa kulia amekufa. Jirani wa kushoto amekufa. Njoo."

"Haya sasa! Hivyo ndivyo! Umeona? Safi kabisa, dada, safi kabisa. Sasa nitumie ya nne."

Zikaisha. Kilichobaki ni upepo wa dirishani.

Elkanah alilitoa gari barabarani, tairi zikalia kwenye changarawe, na baba akarushwa mbele, kofia ikamdondoka. Dereva wake alikuwa ameshafungua mlango. Alipiga simu ya Rosebellah: imezimwa. Akampigia Jackton.

"Zile voisi za Rose ulizisikia?"

"Nilizisikia, mwalimu. Za mguu?"

"Na ukanyamaza?"

"Aa, mimi nilidhani ni wewe umebadilisha script! Si kila wiki unabadilisha? Kwani..." Jackton akasita. "Mwalimu. Wacha. Usiniambie hivyo."

Elkanah alikata. Akasimama pale kando ya barabara ameshika kichwa, akijitukana kwa Kilogooli, lugha ya kwao. Alikuwa amemwita Magister shetani. Alikuwa amekaa miezi saba akiwafundisha watu kumcheka Magister, kalamu ikwaruze wapi, kicheko kije wapi. Na muda wote huo alikuwa na wino mwekundu wake mwenyewe mfukoni, anausambaza kwa voisi.

"Elkanah!" Baba alikuwa ametoa kichwa dirishani. "Kuna nini? Gari mbovu?"

Akajaribu kumweleza kwa Kiarabu chake cha udereva, maneno yakakanyagana. Msichana, Jeddah, mguu, mafuta, hospitali mafi, ikama halas, yaani hospitali hakuna, kibali kimekwisha.

"Sema taratibu," baba akasema. "Hilo neno la mguu hulitamki hivyo. Linatamkwa..."

"Usinisahihishe!" Elkanah alipiga paa la gari kwa kiganja. Miaka minne hakuwahi kumpandishia sauti. "Leo usinisahihishe, baba! Mtu anakufa! Nisikilize na makosa yangu hivyo hivyo!"

Lori likapita, likawatikisa wote wawili. Mzee angeweza kumfukuza kazi pale pale na hakuna ambaye angemuuliza. Akafungua mlango, akashuka, akazunguka, akaketi kiti cha mbele, mahali ambapo hakuwahi kukaa.

"Endesha," akasema. "Na useme vyovyote utakavyo."

Basi akasema. Aliendesha akisema, Kiarabu, Kiingereza, na Kiswahili pale vyote viwili vilipomwishia, na baba hakulishika kosa hata moja, ingawa midomo ilikuwa ikimcheza. Alipofika kwa Magister na barua zilizorudishwa, mzee aligeuka.

"Hennlein? Kile kitabu cha kijani?"

"Ndicho, baba."

"Nilikisoma nikiwa na miaka ishirini na mitano," baba akasema. "Mke wangu alikuwa akiniandikia kutoka nyumbani." Akatoa simu yake.

Elkanah alikuwa na ramani ya nyumba ile kwenye simu. Mwezi wa kwanza wa mazoezi alimpa dereva mmoja wa Kisii ramani hiyo na karatasi za mchezo azipeleke Safa. Baba aliita gari la wagonjwa kwa ramani hiyo hiyo. Baada ya saa moja wakampigia: wamefika, jengo lina fleti kumi na sita, mlinzi hajui mgonjwa yeyote, wagonge mlango gani? Elkanah hakujua. Alijua jina la madam, hakujua namba. Alijua kila pumzi ya sauti ya yule mwanamke, hapa alipumzika, hapa alimeza mate, lakini anakaa mlango wa ngapi hakuwahi kumuuliza. Gari likaondoka.

Hapo ndipo kutotulia kulipomgeuka. Maisha yake yote mwendo ulikuwa dawa; akiudhika anaondoka, akiondoka anapoa. Sasa kila alivyozidi kukanyaga mafuta ndivyo Jeddah ilivyozidi kukaa mbali. Taif, mji wa njiani, haikufika. Ilipofika, haikuisha. Mteremko wa milima ukajaa malori. Kisha kile kibao kikubwa cha juu ya barabara, Waislamu moja kwa moja, wengine kulia, na yeye Mkristo akakata kulia kuizunguka Makka kwa njia ndefu, huku baba akitazama saa yake. Elkanah aliomba kwa sauti. Aliomba vibaya, bila mpangilio, hana habari na mpangilio.

Waliingia Safa kwenye saa kumi na moja jioni, jua bado kali. Mlinzi wa jengo, alipoona mzee mwenyewe kasimama na fimbo, akakumbuka kwamba ghorofa ya tatu kuna wasichana wawili Wakenya, na mmoja hajamwona wiki sasa. Baba akabonyeza kengele. Sauti ya madam ikatoka kwenye kispika cha ukutani.

Baba alijitambulisha, jina lote, la baba na la babu, na cheo. Akasema amekuja kwa ajili ya msichana aitwaye Rosebellah.

"Huyo amelala," madam akajibu. "Mvivu tu."

"Si mvivu. Ni mgonjwa."

"Ana kidonda kidogo. Amepewa panadol."

"Dada yangu," baba akasema kwa Kiarabu kile chake cha darasani, kila herufi mahali pake, "umekosea. Hebu sema tena: nina mgonjwa nyumbani kwangu. Mimi nasimama hapa mlangoni kwako mpaka useme sawasawa, na gari la wagonjwa liko njiani, na nyuma yake nitaita polisi."

Elkanah hakungoja jibu, akakimbilia ngazi. Mlango wa ghorofa ya tatu ulifunguliwa na mwanamke mnene mwenye kitambaa kichwani, macho mekundu, na kabla hajasema lolote Elkanah alijua huyu ni Priscah.

"Mimi nilimwambia madam ni mchezo," Priscah alisema, akalia papo hapo. "Aliniuliza Rose anasema nini kwa simu, nikasema ni mchezo tu, ndugu yangu, nilikuwa namsaidia, wasimnyang'anye simu. Nilidhani mtamsikia! Nilidhani nyinyi mnasikia! Juzi betri ikaisha na chaja madam ameificha."

Elkanah akampita akaingia ndani. Hata Priscah, yule mpeleka maneno waliyemwogopa wote, alikuwa amesikia. Chumba kilikuwa nyuma ya jikoni, pembeni ya mashine ya kufulia. Harufu ilimpokea kabla hajafika. Juu ya godoro la chini alilala mwanamke mdogo kuliko alivyomdhania, amejifunika blanketi hadi kidevuni katika joto lile, na ukutani juu ya kichwa chake, zimebandikwa kwa gundi ya karatasi, kurasa nne za barua za Ursula.

Ursula wa vitabuni alikufa. Rosebellah hakufa, namshukuru Mungu kuweza kusema hivyo. Lakini daktari wa hospitali alikopelekwa usiku ule, Msudani mpole asiyezunguka maneno, aliwaambia Alhamisi asubuhi kwamba mguu hauwezi kubaki. Wataukata chini ya goti, leo hii, kabla sumu haijapanda.

"Aliungua lini?" akauliza.

"Siku kumi na mbili."

"Mngemleta wiki iliyopita, angekuwa anarudi nyumbani kwa miguu yake."

Alisema "mngemleta", na Elkanah hakumrekebisha.

Ijumaa adhuhuri Jackton alipiga simu. Watu wameshaanza kujaa, viti vimeazimwa mpaka vya ghorofa ya chini, kuna wengine wamekuja kwa basi kutoka mtaa wa Batha. "Tucheze nini, mwalimu?"

"Msicheze."

"Niwaambie nini basi?"

"Waambie yaliyotokea. Na sehemu yangu mimi usiiruke."

Baba alikuwa amempa likizo bila kuulizwa, na Alhamisi alikwenda kwa daktari wake wa macho kwa teksi. Elkanah alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda cha Rosebellah, aliyekwisha kukatwa mguu jana yake. Tangu Taif alikuwa akipanga maneno ya kuomba msamaha. Alikuwa ameyapanga vizuri, hilo alilijua, yalikuwa na mwanzo na yalikuwa na mwisho, na mahali fulani katikati mtu angelia. Kadiri alivyoyarudia ndivyo yalivyomchukiza.

Rosebellah alifumbua macho saa nane hivi. Akamtazama mwanamume asiyemjua.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi. Elkanah."

Aliijua sauti kabla ya jina. Macho yalimzunguka usoni polepole, kama mtu anayetafuta mahali sauti ile inapotokea. "Mwalimu," akasema. "Mbona uko mdogo hivyo? Kwa simu wewe ni mzee mkubwa."

Yale maneno yake mazuri Elkanah akayaacha yaanguke. "Nieleze mguu," akasema. "Nieleze vile ilikuwa."

Akamweleza. Alianza na mafuta ya sambusa, akarukia homa, akarudi kwa dawa ya meno, akasahau siku, akachanganya Kibukusu cha kwao na Kiswahili, akalia kidogo, akauliza kama mama yake ameambiwa, akarudi tena kwenye mafuta. Alirudia mambo mengine mara tatu. Elkanah alikaa ameinama mbele, mikono katikati ya magoti, hakumkata hata neno moja. Nje, swala ya Ijumaa ilikuwa imekwisha na magari yalikuwa yameanza kupiga honi.

"Ile ya mwisho ilinishinda kabisa," Rosebellah akasema. "Nilitaka kuongeza mguu. Nikawaza, nikiongeza atasema nirudie, na nguvu za kurudia sina. Nikaisoma tu vile umeandika." Akafumba macho. "Na ukasema ni safi kabisa."

"Nilisema," Elkanah akajibu.